Koti au Goti? Utatuzi wa Matatizo kwa Watoto Wanaochanganya Maneno Yanayofanana kwa Sauti

Mtoto wa darasa la kwanza anapoandika kwamba wazazi wake walikwenda kupiga kula, au anapotumwa mbuzi ya kukunia nazi akatoka nje kutazama bandani, watu wazima walio karibu naye huona kosa moja tu: amechanganya maneno. Kwa kweli hayo ni matatizo mawili yenye asili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. La kwanza linahusu maneno yanayokaribiana kwa sauti bila kulingana kabisa, ambayo vitabu vya shule vya Kenya huyaita vitate. La pili linahusu neno linalotamkwa na kuandikwa vilevile huku likibeba maana mbili au zaidi, ambalo Kenya huitwa kitawe na Tanzania mara nyingi huitwa homonimu. Mwongozo huu unawalenga walimu wa elimu ya awali na wa madarasa ya chini, pamoja na wazazi na walezi wa watoto wa miaka 4 hadi 8. Msimamo wangu ni kwamba mtoto asisahihishwe kabla hatujajua kosa lake limetokea wapi, kwa kuwa linaweza kuwa sikioni, ulimini, katika maana, au kwenye kalamu peke yake.

Kwanza pima sikio na ulimi, kila kimoja peke yake

Chagua maneno mawili yanayoweza kuchorwa. Koti na goti yanafaa sana, vivyo hivyo kamba na gamba, pua na bua, kalamu na karamu. Usianze na kula na kura, kwa sababu mtoto wa miaka 5 huenda hajui kura ni kitu gani, na ukimuuliza neno asilolijua utakuwa unapima msamiati wake badala ya sikio lake. Weka picha mbili mezani na uhakikishe kwamba anajua kila picha inaonyesha nini. Kisha simama nyuma yake, au ficha mdomo wako kwa kitabu ulichokishika mbali kidogo, ili asisome midomo yako na sauti yako isizibwe. Taja neno moja, naye aguse picha yake. Rudia mara 10 kwa mpangilio asioweza kuubashiri, na mara mojamoja utaje neno lilelile mara tatu mfululizo, kwani watoto hugundua upesi kwamba mwalimu ana mazoea ya kupokezanisha. Kwa kuwa picha ni mbili tu, mtoto anayebahatisha atapata takribani 5 kati ya 10. Kwa hiyo alama 6 au 7 hazithibitishi lolote, ilhali alama 9 au 10 zinaonyesha kwamba sikio lake linazitenganisha sauti hizo.

Baada ya hapo badilishaneni nafasi: yeye ataje, wewe uguse. Guso lako lifuate kile hasa ulichokisikia, wala si kile unachodhani alikikusudia. Akisema "koti" ilhali alitaka goti, gusa picha ya koti bila kumkemea. Uso wake utakwambia mengi. Mtoto anayeshtuka na kusema "Hapana, siyo hiyo!" amekwisha kuonyesha kwamba anaisikia tofauti na kwamba shida iko katika kuitamka, mtoto anayeona guso lako ni sawa huenda bado hajaisikia.

Vipimo hivi viwili huchukua dakika chache, na ndivyo vinavyoamua ni sehemu gani ya mwongozo huu inayomhusu mtoto wako.

Dalili: Anabahatisha hata anapotazama picha

Kama kipimo cha sikio kinatoa alama za kubahatisha kwa jozi fulani tu, na jozi nyingine anazipata vizuri, tazama kwanza lugha anayoizungumza nyumbani. Sikio la mtoto hujifunza mapema kuzijali tofauti za sauti zinazobadili maana katika lugha inayomzunguka na kuzipuuza zile zisizobadili. Kikuyu hakina l, na sauti za b na d hutokea humo zikiwa zimetanguliwa na king'ong'o, yaani mb na nd. Ndiyo maana mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo anaweza kusema kwamba shati lake lina ndoa akikusudia doa, na kalamu na karamu zikawa kwake neno moja. Dholuo haina sh wala z, kwa hiyo suka na shuka hugongana. Lugha za Kikalenjin hazitenganishi p na b, t na d, k na g kwa namna ambayo Kiswahili hufanya, na hapo koti na goti huwa tatizo la kweli. Makosa ya namna hii yana utaratibu, hayatokani na uzembe wala upungufu wa akili, na mwalimu anayeijua lugha ya eneo lake anaweza kuyatabiri kabla mtoto hajafungua kinywa.

Tiba yake ni kulizoesha sikio, na kazi hiyo hutangulia mazoezi yote ya kutamka. Tumia amri zinazotendeka, kwa sababu mtoto anayetenda huonyesha papo hapo alichokisikia. "Vua shati" na "fua shati" ni jozi bora kuliko nyingi ninazozijua: nguo ni ileile, beseni liko mbele yake, na sauti moja tu ndiyo inayoamua kama atavua au atafua. "Suka kamba" na "shuka kitini" hufanya kazi hiyohiyo kwa s na sh. Mwanzoni ivute sauti inayohusika kwa muda mrefu kidogo, vvvua, fffua, kisha upunguze kuivuta kadiri anavyozoea, hadi uitamke kama unavyozungumza kila siku. Dakika 5 kila siku zina faida kuliko kipindi kizima kimoja kwa juma. Tena fundisha jozi moja kwa wakati. Mwalimu anayeleta ubaoni p na b, t na d, k na g siku moja humwachia mtoto sauti sita zinazoelea bila mahali pa kushika.

Kama mtoto anabahatisha katika jozi nyingi za aina mbalimbali, zikiwemo zile ambazo lugha ya nyumbani inazo, acha kufikiria lugha na ufikirie masikio. Je, huuliza "Eh?" mara kwa mara, hugeuza upande mmoja wa kichwa anaposemeshwa, haitiki akiitwa kwa nyuma, au hukaa karibu mno na redio au televisheni? Je, sikio limewahi kutoa usaha, au amekuwa na mafua yasiyokwisha? Majimaji yanayokusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio hupunguza usikivu, na kwa kuwa huja na kuondoka, mtoto anaweza kufaulu kipimo Jumatatu na kukishindwa Alhamisi, jambo ambalo watu wazima hulichukulia kuwa ukaidi. Mtoto wa namna hii apelekwe kituo cha afya akachunguzwe masikio. Usimtie mafuta wala kitu kingine chochote sikioni. Wakati uchunguzi ukisubiriwa, mketishe mbele, mbali na dirisha la barabarani, na uzungumze naye akikuona uso.

Dalili: Anasikia vizuri lakini hatamki

Hapa umri una uzito mkubwa. Sauti hazikomai zote pamoja. M, p na t huja mapema, ilhali r, th, dh na gh huchelewa hata kwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Kiswahili. Mtoto wa miaka 4 anayesema "luka" badala ya "ruka" huku akielewa kila kitu hahitaji zoezi lolote. Anahitaji kusikia "ruka" ikitamkwa sawasawa na watu wanaomzunguka. Akiwa na miaka 4 anatarajiwa aeleweke kwa sehemu kubwa hata na mgeni, na kama hata walio nyumbani wanashindwa kumwelewa, ndipo ushauri wa mtaalamu wa matamshi au wa daktari utafutwe mapema.

Sababu nyingine husahaulika ingawa iko wazi mbele ya macho yetu. Watoto wa miaka 6 na 7 hung'oka meno ya mbele, na ndiyo miaka yao ya darasa la kwanza na la pili, wakati ambapo s, z, th na dh zinasisitizwa. Hewa inayopaswa kukwaruza nyuma ya meno hupita penye pengo, na "sasa" inatoka kama "thatha". Subiri meno yaote. Kumsimamisha mtoto mwenye pengo mbele ya wenzake arudie "sisi" mara kumi hakumfundishi chochote isipokuwa kunyamaza.

Mtoto ambaye umri wake umetosha, meno yapo, na sikio linasikia, afundishwe sauti inavyotengenezwa. Kwa f na v, s na z, mwambie aweke vidole kooni: akisema "zzz" atahisi mtetemo, akisema "sss" hatahisi kitu. Kwa s na sh, mpe kioo kidogo aone midomo inavyosogea mbele na kuviringika kidogo anaposema sh. Kwa th na dh, ncha ya ulimi ionekane kati ya meno, na tofauti ya hizo mbili ipimwe tena kwa vidole kooni. L na r zinahitaji uvumilivu zaidi. Katika l, ncha ya ulimi hugusa ufizi wa juu na kubaki pale huku hewa ikipita pembeni, kwa hiyo sauti inaweza kuvutwa, "llla". Katika r ya Kiswahili ulimi hugonga ufizi mara moja na kuondoka. Ukimwambia mtoto aseme "dada, dada, dada" haraka kadiri awezavyo, kwa ulimi uliolegea, atafika karibu na pigo hilo la ulimi, na kutoka hapo "kura" na "karamu" hupatikana.

Ninashauri dhamini na thamini, ridhi na rithi, dhana na zana ziachwe hadi madarasa ya juu. Sauti za th, dh na gh zimeingia pamoja na maneno yenye asili ya Kiarabu, lugha nyingi za Kibantu hazina, na watu wazima wengi husema "zahabu" na "feza" maisha yao yote wakaeleweka. Katika miaka ya mwanzo, muda wa mtoto ni bora utumike kwa sauti zinazoyatenganisha maneno anayoyatumia kila siku.

Dalili: Sauti mpya imeenea kila mahali

Mtoto aliyekuwa akisema "kalamu" mahali pa "karamu" sasa anasema "kurara", "rugha" na "waremavu". Mwalimu hukata tamaa, akidhani kwamba somo limeharibika. Kilichotokea ni kwamba mtoto alisahihishwa kwa kuambiwa "sema r", akaelewa kwamba r ndiyo sauti nzuri na l ndiyo mbaya. Hakuwahi kuonyeshwa kwamba zote mbili ni nzuri na kwamba kila moja ina maneno yake. Rudi kwenye picha mbili na mchezo wa kugusa, ukitaja maneno ya pande zote mbili kwa idadi sawa. Ondoa kabisa kauli kama "hapana, r!", na mahali pake uliza swali la maana: "Unataka kalamu ya kuandikia, au karamu ya kula wali?" Swali la namna hiyo humrudisha mtoto kwenye sababu ya tofauti kuwapo.

Dalili: Darasa zima lina kosa moja

Watoto 40 wanapoandika "kupiga kula" siku moja, chunguza imla ilisomwaje kabla ya kuchunguza watoto. Mwalimu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r anaweza kuwasomea "kura" na watoto wakasikia "kula", kisha wakakatwa alama kwa kuandika kwa uaminifu walichokisikia. Jambo hili halimwondolei mwalimu sifa ya ualimu, ila linambadilishia mbinu. Jozi inayomshinda yeye mwenyewe isipimwe kwa imla ya maneno pwekepweke. Ipimwe ndani ya sentensi ambayo maana yake haina shaka, kama vile "Wananchi walipanga foleni kupiga ____" na "Watoto walinawa mikono kabla ya ____". Kwa upande wa sikio, atumie taarifa ya habari ya redio iliyorekodiwa kwenye simu, au amwombe mwalimu mwenzake aje asome kwa dakika chache, au amtumie mtoto wa darasani anayetamka vizuri awe msomaji wa siku, bila kumfanya awe kipimo cha kuwaaibisha wengine.

Kosa la darasa zima linaweza pia kutokana na orodha. Vitabu vingi hupanga vitate kwa safu: baka, paka; daka, taka; fua, vua; na watoto huzikariri kwa sauti moja ya wimbo. Wimbo huo hufuta tofauti ileile inayokusudiwa, kwa kuwa kila jozi huimbwa kwa mkupuo mmoja na maana haipo. Binafsi ningeiacha orodha kitabuni na kuchukua jozi moja tu niitungie sentensi.

Dalili: Anatamka sawa, anaandika kosa

Mtoto anasema vizuri kwamba mwavuli utakufaa, kisha anaandika "Mwavuli utakufa wakati wa mvua." Anasema kwamba Amina amekataa keki, na daftari linasema amekata keki. Hili ni tatizo la irabu mbili zinazofuatana, na Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo: kata na kataa, kufa na kufaa, koma na komaa, choka na chokaa, chaka na chakaa, tama na tamaa. Mtoto anaposikia "kataa" huisikia a ya mwisho kama moja iliyorefushwa, na kwa kuwa hajawahi kuona alama ya urefu, anaandika moja.

Mfundishe ahesabu silabi kwa makofi, mkono ukipiga kila silabi: ka-ta, makofi mawili; ka-ta-a, makofi matatu. Baada ya makofi, msikilizishe mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi moja ikiongezeka mkazo unahama: katika "kata" uzito uko kwenye *ka*, katika "kataa" umehamia kwenye *ta*. Mtoto akiambiwa apige kofi kubwa penye uzito na makofi madogo kwingineko, huigundua tofauti ambayo jicho lake halikuwa limeiona. Kisha achore picha mbili, Amina mwenye kisu na Amina anayetikisa kichwa, na aandike sentensi chini ya kila moja. Zoezi hili moja limebeba sauti, tahajia na maana kwa pamoja, na ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu kwa muhula mzima.

Kwa ng na ng', kipimo ni kuivuta sauti. Ng' ya "ng'ombe" inaweza kuvutwa puani hata pumzi ikaisha, lakini ng ya "ngoma" hukatika palepale g inapotoka. Mtoto anayesahau alama ya ritifaa hana tatizo la sauti. Amesahau tu, na kumkumbusha kunatosha.

Dalili: Anang'ang'ania maana moja tu

Sasa tunaingia katika tatizo la pili, ambalo mazoezi yote ya sikio na ulimi hayaligusi. Mtoto anaposikia "Lete mbuzi tukune nazi" na kucheka, au kusisitiza kwamba mbuzi yuko malishoni, sikio lake liko sawa kabisa. Watoto wadogo huelekea kuamini kwamba kila neno lina kitu chake kimoja, na imani hiyo huwasaidia kujifunza maneno kwa kasi. Kwa hiyo mtoto anayeikataa maana ya pili anaitumia akili yake vizuri, ila amefika mahali ambapo kanuni yake haitoshi.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza haiko katika lugha hata kidogo: huenda mtoto hajawahi kukiona kitu chenyewe. Katika nyumba za mjini ambako nazi husagwa kwa mashine au tui hununuliwa kwenye pakiti, mbuzi ya kukunia nazi ni kitu cha hadithini. Picha haitoshi. Leta mbuzi yenyewe darasani, ikunjuliwe, mtoto akikalie kibao chake, aone ulimi wa chuma uliochomoza mbele na meno madogo kwenye duara lake, kisha kifuu kizungushwe polepole kwenye meno hayo na machicha meupe yaangukie kwenye sinia. Mtoto aliyekuna nazi kwa mkono wake hatauliza tena mbuzi ipi. Vivyo hivyo nyanya: Kenya watoto wengi humwita mama wa mzazi wao kwa jina hilo, huku mtoto wa Tanzania anayesema bibi akiwa hajui nyanya nyingine zaidi ya ile ya kachumbari, na kitabu kinachomwambia "Nyanya alinibusu" kinahitaji maelezo kabla ya maswali.

Sababu ya pili ni kwamba maana mbili zimefundishwa siku moja. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba paa ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama, ni kuruka angani na ni kuondoa magamba ya samaki, akidhani kwamba anaonyesha utajiri wa lugha. Kwa mtoto wa miaka 6 maana zote nne hugongana kabla hata moja haijakaa. Anza na ile anayokutana nayo kila siku, iache ikomae katika mazungumzo, kisha lete ya pili ndani ya hadithi inayoilazimisha. Ya tatu na ya nne zinaweza kungoja mwaka ujao.

Sababu ya tatu, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kwamba hakuna aliyemwonyesha mtoto jinsi sentensi inavyomsaidia kuchagua. Kiswahili kina chombo kizuri sana kwa kazi hii, nacho ni ngeli. Mbuzi *yule* hula majani, mbuzi *ile* hukuna nazi. Kanga *wake* ametaga, kanga *yake* imechanika. Taa *huyu* alivuliwa baharini, taa *hii* imezimika. Kiboko *huyu* anaishi mtoni, kiboko *hiki* ni cha kuchapia. Ua likiwa la kunusa husemwa ua *hili* na wingi wake ni maua. Ukiwa wa kuzunguka nyumba husemwa ua *huu* na wingi wake ni nyua. Kaa *huyu* hutembea upande, kaa *hili* linaunguza. Mfundishe mtoto asimame penye neno linalofuata nomino kabla hajaamua maana. Mchezo wake ni rahisi: mwalimu anasema "Kanga wa…" na kunyamaza, watoto wanaonyesha picha ya ndege, anasema "Kanga ya…", wanaonyesha picha ya nguo. Watoto wa miaka 6 huufurahia mchezo huu na huuweza.

Lakini chombo hiki hakifanyi kazi kila mahali. Mtoto wa Nairobi au wa mji mwingine wa bara ambaye kila siku husikia "mbuzi hii imekula" na "ng'ombe hii ni kubwa" hana ngeli ya wanyama ya kumwongoza, kwa hiyo "mbuzi hii" haimwambii lolote. Kwake upatanisho wa viumbe wenye uhai ndio utangulie kwa majuma kadhaa, kupitia hadithi za wanyama zinazosomwa kwa sauti, na baadaye ndipo vitawe vije. Mwalimu akiruka hatua hii atafundisha kanuni ambayo sikio la mtoto haliwezi kuitumia.

Ngeli pia hunyamaza pale ambapo maana zote mbili zimo katika ngeli moja. Mto wa maji na mto wa kulalia, vyote ni *mto huu* na *mito hii*. Vitenzi navyo havina ngeli: kupanda mti na kupanda mbegu hutofautishwa na kile kinachopandwa. Na wakati mwingine hata hicho hakisaidii, kwani "Baba amepanda mnazi" ina maana mbili kamili, baba akiwa juu kwenye makuti, au akiwa chini na jembe mkononi. Sentensi kama hiyo isitumike katika mtihani wa jibu moja. Itumie darasani kwa kuwaomba watoto wachore wanachokiona, kisha picha zitakapotofautiana, waulize waongeze neno gani ili asiwepo wa kukosea. "Baba amepanda mnazi kuangua madafu," atasema mmoja, naye atakuwa ameelewa kazi ya muktadha bila kulisikia neno hilo.

Dalili: Mtoto anasisitiza kwamba maneno hayo hayafanani

Huenda mtoto huyu anajua zaidi ya kitabu. Katika lahaja za pwani, kama Kimvita cha Mombasa, wasemaji huitoa paa ya mnyama kwa mpumuo, yaani pumzi inayotoka kwa nguvu, usiokuwamo katika paa la nyumba, na vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto, tembo mwenye mkonga na tembo la mnazi. Tahajia sanifu haiuandiki mpumuo huo. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake Mombasa au Lamu akisema kwamba mwalimu ametamka vibaya, asikatazwe. Mwache awatamkie wenzake, washike kipande cha karatasi mbele ya midomo waone kinavyotikisika kwa tamko moja na kutulia kwa jingine. Kisha mwambie kwamba katika maandishi maneno hayo huandikwa sawa, na kwamba matamshi yake ya nyumbani ni Kiswahili kamili.

Barabara ni mfano unaokaribia huo kwa wasemaji wote: njia ya magari ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kitu kilichokaa sawasawa kabisa hutamkwa kwa mkazo uliotangulia hapo, *barábara*. Kwa watoto wadogo inatosha waisikie tu.

Dalili: Anafaulu zoezini, anarudia kosa akizungumza

Hali hii ni ya kawaida na haimaanishi kwamba zoezi limeshindwa. Katika zoezi mtoto anaitazama sauti. Katika mazungumzo anaitazama habari anayotaka kukupa, na sauti inarudi kwenye mazoea yake ya zamani. Usimkatize. Akija mbio kukuambia "Mwalimu, nimepoteza karamu yangu!", mjibu kwa neno sahihi ndani ya jibu la kawaida: "Umepoteza kalamu yako? Tuitafute basi hiyo kalamu." Amelisikia neno mara mbili, hoja yake imepokelewa, na hakuna aliyemcheka.

Weka daftari dogo lenye jina la mtoto, jozi inayomsumbua, na tarehe uliyompima. Rudia kipimo cha picha baada ya majuma mawili bila kumtangazia, kwa jozi ileile lakini kwa picha mpya, ili usipime kumbukumbu ya mchoro. Akipata 9 au zaidi kwa sikio na kwa ulimi, na ukamsikia akilitumia neno sawasawa uwanjani anapocheza, ifute jozi hiyo na uanze nyingine. Akiwa bado anabahatisha baada ya vipindi vitatu vya majuma mawili vilivyofuatwa kwa uaminifu, mpeleke akapimwe usikivu, hata kama masikio yake yanaonekana mazima.